Uwanja Mmoja, Makombe Mawili: Tumpimeje Daniel Levy?

Ndugu mwenyekiti wa mkutano, viongozi wa mashabiki, ndugu zangu wa Tottenham na nyinyi wa timu nyingine mliokuja kusikiliza, nawasalimu nyote.

Tarehe 4 Septemba 2025 Daniel Levy aliachia kiti cha uenyekiti wa Tottenham Hotspur, au Spurs kwa kifupi. Alikikalia tangu 2001, karibu robo karne, na siku anaondoka hakukuwa na mwenyekiti wa Ligi Kuu ya England aliyedumu kumzidi. Tangu siku hiyo ubishi haujapoa. Upande mmoja unasema, tazameni uwanja. Upande wa pili unasema, hesabuni makombe. Kila upande una ushahidi, na kila upande umeshika kipande tu.

Hoja yangu ni hii. Uwanja ule tunaojivunia na makombe yale tuliyoyakosa vimetoka katika tabia moja ya mtu mmoja, nayo ni kungoja. Levy alikuwa mtu wa kungoja mpaka bei imfuate alipo. Penye mambo yanayoweza kungoja, kama ujenzi na mikopo, aliwapiku wenyeviti wengi wa zama zake. Penye mambo yasiyongoja, kama kikosi kinachohitaji straika kabla ya mechi ya kwanza, tabia hiyohiyo ilitugharimu. Ukikubali hilo, huna haja ya kuchagua kati ya kumpigia makofi na kumzomea. Unaweza kukaa ukahesabu.

Tuanze na alichokikuta. Mwaka 2001 kampuni ya ENIC ilinunua hisa za Alan Sugar na kushika usukani. Timu ilimaliza msimu huo nafasi ya 12. Ubingwa wa ligi ulikuwa haujaonekana tangu 1961, Kombe la FA tangu 1991. Uwanja wa White Hart Lane ulikuwa unaingiza watu kama 36,000, na mazoezi yalifanyika Chigwell mahali ambapo palikuwa pa kawaida sana kwa klabu yenye ndoto kubwa. Alipoondoka, klabu ilikuwa na uwanja wa viti 62,850, kituo cha mazoezi cha Enfield kilichofunguliwa 2012, na ilikuwa imecheza mashindano ya Ulaya misimu 18 kati ya 20 ya mwisho. Vijana walioanza kuishabikia Spurs miaka ya karibuni wanadhani kucheza Ulaya ni haki ya kuzaliwa. Waliokuwapo 2004, timu ilipomaliza nafasi ya 14, wanajua sivyo.

Sasa makombe. Yapo mawili. Kombe la Ligi la 2008, Chelsea wakilala 2-1 pale Wembley kwa penalti ya Berbatov na kichwa cha Woodgate katika muda wa nyongeza. Kisha Ligi ya Europa, tarehe 21 Mei 2025 mjini Bilbao, bao moja la Brennan Johnson dhidi ya Manchester United. Kati ya hapo ni ukame wa miaka 17. Tulifika fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019 tukafungwa 2-0 na Liverpool. Tulishika nafasi ya pili kwenye ligi 2017 tukiwa na pointi 86, bila kupoteza hata mechi moja nyumbani. Lakini kabati la makombe halihifadhi pointi 86.

Kabla sijaendelea, kuna kosa moja naomba tulirekebishe, kwa sababu linaharibu mjadala wote. Wengi wetu tunamzungumzia Levy kana kwamba klabu ilikuwa mali yake peke yake. Haikuwa hivyo. ENIC ndiyo yenye hisa karibu asilimia 87 za klabu, na ndani ya ENIC familia ya Levy ina asilimia 29.88 huku asilimia 70.12 zikiwa chini ya dhamana ya familia ya Lewis. Yaani Levy alikuwa mbia mdogo na wakati huohuo mtendaji mkuu anayelipwa mshahara. Alikuwa na madaraka ya kuajiri kocha, kuuza mchezaji na kukopa benki, lakini kuingiza mtaji mpya kulihitaji mwenye hisa nyingi akubali kufungua mfuko. ENIC waliweka mtaji wa hadi pauni milioni 150 mwezi Mei 2022, na kiangazi hicho Antonio Conte akapata Richarlison na Bissouma. Kabla ya hapo, miaka na miaka, klabu ilijilipia kwa mapato yake. Kwa hiyo shabiki anapouliza kwa nini hatukutumia kama Chelsea au Manchester City, jibu la kwanza liko kwa wamiliki, na la pili ndilo kwa mwenyekiti. Tukiyachanganya tunamwonea mmoja na kumwachia mwingine apite.

Uwanja unastahili muda mrefu zaidi, kwa sababu ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizoifanyia klabu.

Jambo ambalo wanaomsifu hulisahau ni kwamba mpango wa Levy haukuwa huu wakati wote. Mwaka 2011 klabu iliomba kuhamia Stratford, kwenye uwanja wa Olimpiki mashariki ya London. Mashabiki waliandamana na kupinga kuhamishwa mtaani kwao, na Februari mwaka huo West Ham wakachaguliwa kuwa waombaji waliopewa kipaumbele. Ndipo nguvu zote zikarudi Tottenham. Uwanja huu uko barabara ya High Road, pale palepale timu ilipocheza tangu 1899, kwa sababu mashabiki walisimama kidete na kwa sababu ombi la Stratford lilishindwa. Wanapoandika sifa za uwanja, kipande hicho kiandikwe pia.

Baada ya hapo kungoja kwake kulifanya kazi yake. Viwanja vya ardhi vilivyozunguka White Hart Lane vilinunuliwa kimoja kimoja. Kiwanda kimoja kilikataa kuhama, kesi ikafika mahakamani, na mambo yakaisha 2015. Mechi ya mwisho White Hart Lane ilichezwa tarehe 14 Mei 2017, Manchester United wakafungwa 2-1. Timu ikahamia Wembley. Uwanja mpya ulitakiwa kufunguliwa Septemba 2018 dhidi ya Liverpool, lakini mifumo ya usalama ilikutwa na hitilafu na ufunguzi ukasogezwa mara kadhaa. Kosa la kiufundi ni la kawaida kwa jengo kubwa namna ile: kila waya wa king'ora cha moto, kila taa ya dharura na kila lango linapaswa kukaguliwa na kupitishwa kabla ya kuingiza watu, na huwezi kufungua nusu. Klabu ilianza na mechi ya vijana chini ya miaka 18 kama jaribio mwezi Machi 2019, ikaongeza idadi ya watu hatua kwa hatua, na tarehe 3 Aprili 2019 Crystal Palace wakafungwa 2-0, Son akiwa wa kwanza kufunga bao la ligi pale.

Tazameni jinsi ulivyosanifiwa, maana ndipo akili ya biashara inapoonekana. Jukwaa la kusini ni la ghorofa moja lisilokatika, viti 17,500, limeinuka kama ukuta nyuma ya goli. Chini ya jukwaa hilo kuna nafasi tupu. Uwanja wa nyasi umegawanywa vipande vitatu kwa urefu, kila kimoja kina uzito wa zaidi ya tani 3,000, na vinateleza juu ya reli vikaingia kwenye nafasi hiyo. Chini yake kuna kapeti bandia kwa ajili ya mpira wa Kimarekani, na matamasha nayo hufanyika juu yake. Nyasi za soka zinabaki salama gizani chini ya jukwaa, zikiwa na taa zake na maji yake. Matokeo yake ni kwamba NFL, ligi ya mpira huo wa Kimarekani, walisaini mkataba wa miaka 10 wa mechi zisizopungua mbili kwa mwaka, mabondia Anthony Joshua na Usyk walipigana pale Septemba 2021, Beyoncé aliimba usiku tano mwaka 2023 na sita mwaka 2025, na Jumamosi inayofuata Spurs wanacheza juu ya nyasi ambazo hazijakanyagwa na jukwaa la muziki. Klabu nyingi hupata pesa za uwanja mechi 25 au 30 kwa mwaka. Tottenham ilijijengea duka linalofunguliwa hata siku ambazo timu haichezi.

Na deni lake? Hapa nataka tuwe makini, kwa sababu neno deni linatutisha bure. Gharama zilipita pauni bilioni 1. Septemba 2019 klabu ilibadilisha mkopo wa benki wa pauni milioni 637: kati ya hizo, pauni milioni 525 ziliwekwa kwenye hati fungani (mikopo kutoka kwa wawekezaji) za muda mrefu, wastani wa miaka 23, kwa riba ya karibu asilimia 2.66. Kwa kila pauni milioni 100, riba ni pauni milioni 2.66 kwa mwaka. Sasa linganisheni na Agosti 2023, riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilipofika asilimia 5.25. Aliyekwenda kukopa wakati huo alikuwa anaanzia pauni milioni 5.25 kwa kila milioni 100, kabla benki haijaongeza faida yake. Levy alikuwa ameshafunga bei ya chini kwa miaka ishirini na zaidi. Ukiondoa usajili wa wachezaji, sijui uamuzi wake mwingine uliokuwa bora kuliko huo. Mapato ya milangoni peke yake yamekuwa yakivuka pauni milioni 100 kwa msimu, na mapato yote ya klabu yalikuwa pauni milioni 528 msimu wa 2023-24.

Basi pesa hizo zilikwenda wapi? Ndilo swali la haki la kila shabiki, na jibu linahitaji tufahamu hesabu ya mchezaji mmoja.

Klabu ikinunua mchezaji kwa pauni milioni 60 na kumpa mkataba wa miaka 5, kwenye vitabu ile 60 haikatwi siku moja. Inagawanywa: milioni 12 kila mwaka. Kisha unaongeza mshahara. Mchezaji wa pauni 200,000 kwa wiki anakula pauni milioni 10.4 kwa mwaka. Jumla ni milioni 22.4 kila mwaka, miaka 5. Mchezaji wa bei ileile anayelipwa 80,000 kwa wiki anakula milioni 4.16 ya mshahara, na jumla yake ni 16.16. Ndiyo maana ukiangalia ada za uhamisho tu, Tottenham inaonekana imetumia sana: Ndombele 2019, Richarlison 2022, Solanke 2024. Ukitazama mishahara unaiona klabu nyingine kabisa. Msimu wa 2023-24 mishahara ilikuwa takriban asilimia 42 ya mapato, kiwango cha chini kuliko karibu klabu zote za ligi. Mpaka wa UEFA wa gharama za kikosi, ukijumlisha mishahara, mgawanyo wa ada na malipo ya mawakala, ni asilimia 70.

Sheria za ligi nazo hazikutubana. Kanuni ya faida na uendelevu iliruhusu hasara ya hadi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, na gharama za uwanja, shule ya soka ya vijana na timu ya wanawake hazikuingia kwenye hesabu hiyo. Klabu iliyojenga uwanja haikuadhibiwa kwa kujenga. Nafasi ya kulipa mishahara mikubwa zaidi ilikuwepo, na ikaachwa. Mkono ulikuwa wa birika, na mchezaji mwenye chaguo kati ya Tottenham na klabu nyingine ya juu alijua hivyo kabla hajapanda ndege. Tafiti za uchumi wa soka zimeonyesha mara nyingi kwamba kinachoendana zaidi na nafasi kwenye msimamo ni mishahara kuliko ada za usajili. Kwa hiyo ukibishana na mwenzako, achaneni na orodha ya ada. Fungueni hesabu za klabu, ambazo ofisi ya usajili wa makampuni ya Uingereza huziweka wazi bure, mtafute mstari wa mishahara na mstari wa mapato, mgawanye. Dakika mbili tu.

Lakini mishahara peke yake haielezi kila kitu, kwa sababu kuna saa. Kungoja kuna saa yake.

Kumsajili mchezaji kutoka nje kuna hatua ambazo haziwezi kurukwa. Klabu mbili zinakubaliana ada na jinsi ya kuilipa kwa awamu. Mchezaji na wakala wanakubaliana mshahara, bonasi na haki za picha. Vipimo vya afya, ambavyo vikifanywa vizuri vinachukua saa nyingi kwa sababu ya picha za magoti na moyo. Kibali cha kazi kwa mgeni, kinachopimwa kwa pointi. Hati ya uhamisho wa kimataifa kupitia mfumo wa FIFA. Yote haya kabla ya dirisha kufungwa, ambalo England kwa miaka mingi lilifungwa saa tano usiku. Ipo fomu ya dharura inayompa mtu saa mbili za ziada iwapo makubaliano yameshafikiwa, basi. Ukianza kuvutana bei siku ya mwisho, kila hatua hapo juu inakuwa mlango unaoweza kufungwa usoni mwako. Goti moja lenye shaka, wakala mmoja anayeongeza asilimia, na umetoka kapa.

Levy alishinda mchezo huo mara kadhaa, tusimnyime haki. Rafael van der Vaart alikuja kutoka Real Madrid siku ya mwisho ya dirisha la Agosti 2010 kwa pauni milioni 8, akafunga mabao 13 ya ligi msimu wake wa kwanza. Dele Alli alinunuliwa kwa pauni milioni 5. Kwa upande wa kuuza alikuwa hatari zaidi: Gareth Bale kwenda Real Madrid 2013 kwa rekodi ya dunia, Harry Kane kwenda Bayern Munich Agosti 2023 kwa kitita kinachovuka yuro milioni 100, huku mkataba wake ukiwa umebaki mwaka mmoja tu.

Sasa tazameni upande wa pili wa kila biashara. Berbatov aliuzwa Manchester United siku ya mwisho ya dirisha la 2008 kwa pauni milioni 30.75, Robbie Keane akiwa ameshaondoka kwenda Liverpool Julai. Bei zilikuwa nzuri mno. Timu ikabaki bila washambuliaji wake wawili, ikakusanya pointi 2 katika mechi 8, na Juande Ramos, kocha aliyetuletea kombe miezi minane nyuma, akafungashiwa virago Oktoba. Februari 2009 Keane alirudishwa. Hesabu ya mauzo ilionyesha faida, msimamo wa ligi ulionyesha mkia.

Januari 2012 timu ya Harry Redknapp ilikuwa nafasi ya tatu, Bale na Modrić na van der Vaart wakiwa moto. Dirisha lile tuliwaleta Louis Saha na Ryan Nelsen, wote bure, wote umri umekwenda, na tukamwachia Pavlyuchenko aondoke. Tulimaliza nafasi ya nne na pointi 69, moja nyuma ya Arsenal. Chelsea wakatwaa Ligi ya Mabingwa, nafasi ya nne ikawa haina thamani tena, na Redknapp akatimuliwa Juni. Pointi moja! Hakuna kiasi cha fedha kilichookolewa Januari ile kinachofikia fedha za Ligi ya Mabingwa zilizopotea Mei.

Kiangazi cha 2018 ndicho kinachoniuma zaidi. Aston Villa walikuwa taabani kifedha baada ya kukosa kupanda daraja, na Jack Grealish alikuwa anapatikana. Tottenham ikavutana bei ikisubiri Villa walegee. Julai wakaingia wamiliki wapya, Nassef Sawiris na Wes Edens, shida ya fedha ikaisha na mlango ukafungwa. Miaka mitatu baadaye Grealish aliuzwa Manchester City kwa pauni milioni 100. Dirisha lile Tottenham haikusajili hata mchezaji mmoja, jambo ambalo klabu ya Ligi Kuu haikuwa imewahi kulifanya kiangazi tangu mfumo wa madirisha uanze 2003. Januari iliyofuata tena hakuna aliyeingia, na Mousa Dembélé akauzwa China. Kikosi hichohicho kilichochoka ndicho kilichofika fainali ya Ligi ya Mabingwa Madrid mwezi Juni. Wanasema ilikuwa kwa sababu ya uwanja. Kweli, uwanja ulikuwa unakula fedha, na hata Arsenal walipohamia Emirates 2006 walikaa tangu 2005 hadi 2014 bila kombe. Lakini Grealish wa Juni 2018 hakuwa mchezaji wa kuvunja benki. Tulimkosa kwa sababu ya saa.

Na Kane naye. Mkataba ulisainiwa tarehe 12 Agosti 2023, kesho yake timu ikacheza Brentford mechi ya kwanza ya ligi, sare ya 2-2. Mfungaji bora wa historia ya klabu, mabao 280, anaondoka usiku wa kuamkia msimu. Mshambuliaji wa kweli wa kuziba pengo, Solanke, alikuja mwaka mzima baadaye. Msimu ule tulimaliza wa tano na pointi 66. Aston Villa waliokwenda Ligi ya Mabingwa walikuwa na 68. Naamini kabisa kwamba straika mwenye kufunga aliyenunuliwa Julai angezileta pointi hizo.

Makocha nisiwapitie mmoja mmoja. Kutoka Glenn Hoddle hadi Thomas Frank ni makocha 13 wa kudumu. Namba 16 iliyoandikwa kwenye mabango inajumuisha na wa muda. Kilicho muhimu zaidi ya namba ni mpangilio. Pochettino alipewa miaka mitano na timu ikawa na sura. Akaja Mourinho anayetaka kukaba na kushambulia kwa kushtukiza, akaja Nuno kwa miezi minne, akaja Conte na mabeki watatu, akaja Postecoglou na mstari wa ulinzi uliopanda hadi katikati ya uwanja. Kila mmoja alihitaji mabeki wa aina nyingine, na kila mmoja alirithi mabeki wa mwenzake. Hapo pesa nyingi ziliyeyuka, na zilizoyeyuka hazionekani kwenye mstari wowote wa hesabu. Postecoglou alitimuliwa tarehe 6 Juni 2025, siku 16 baada ya Bilbao. Nafasi ya 17 kwenye ligi ni sababu nzito, nakubali. Mwenyekiti hakuwa amekosea kuiona. Kosa lilianza Januari, majeruhi walipojaa na wachezaji wa kuwaziba wakachelewa.

Ipo pia wiki moja ambayo mashabiki hawataisahau. Tarehe 18 Aprili 2021 klabu ilijiunga na ile ligi ya kujitenga ya Ulaya, European Super League. Tarehe 19 Mourinho akafukuzwa. Tarehe 20 klabu ikajitoa kwenye ligi ile baada ya mashabiki nchi nzima kuchachamaa. Tarehe 25 Ryan Mason, kijana wa miaka 29, akaiongoza timu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, tukafungwa 1-0. Mwaka mmoja kabla, wakati wa korona, klabu ilikata mishahara ya wafanyakazi wasio wachezaji kwa asilimia 20 na kutaka msaada wa serikali, kisha ikageuza uamuzi baada ya wiki mbili za kelele. Na Machi 2024 ikapandisha tiketi za msimu kwa asilimia 6 na kuanza kupunguza nafuu ya wazee, watu walioingia White Hart Lane wakiwa watoto. Angalieni mnyororo huo: Stratford, korona, Super League. Mara tatu klabu iliamua vibaya, na mara zote tatu sauti ya mashabiki ilikuwa upande sahihi. Mwenyekiti aliyesikiliza mapema asingelazimika kurudi nyuma mbele ya dunia nzima.

Sasa kiti kipo kwa Peter Charrington, na shughuli za kila siku ziko kwa Vinai Venkatesham. Hati fungani za 2019 zitaendelea kulipwa na wenyeviti wajao, kwa riba ileile ya Levy, na tamasha zitaendelea kuingiza fedha. Hayo wamerithi tayari. Wasichorithi ni ratiba ya usajili.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila tawi ni la kazi, lifanyike kuanzia dirisha lijalo. Chukueni daftari. Andikeni tarehe dirisha linapofunguliwa na tarehe ya mechi ya kwanza ya ligi. Kila mchezaji anayeingia au kutoka, andikeni siku yake, nafasi anayocheza, na siku ambayo mbadala wake amesaini. Hesabuni siku kati ya kuondoka kwa mmoja na kuingia kwa mwingine. Hesabu za mwaka zikitoka, ongezeni asilimia ya mishahara kwa mapato pembeni yake. Mkifanya hivyo kwa madirisha manne mfululizo mtakuwa na karatasi moja ya kuweka mezani mbele ya bodi, na kwenye karatasi hiyo mstari wa kwanza uwe wa Kane: ametoka tarehe 12 Agosti 2023, mbadala Agosti 2024.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.